Nakala za Dhammapada: ipi imehaririwa kisomi?

Mkutubi_Tudor
Assalaam aleikum. Maktaba yetu hapa Mombasa imeletewa nakala nne za Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, zote Kipali (lugha yake ya kale) kwa herufi za Kirumi. Nafasi ni ya moja tu. Mwanafunzi wa dini aitaje ipi kwenye tasnifu?

Kibokoni
Waaleikum salaam. Anzia kwenye dibaji. Mhariri ataje hati za mkono alizotumia: ngapi, za Sri Lanka, Burma au Thailand, zimehifadhiwa wapi, na kila moja kaipa alama gani. Halafu fungua ukurasa wa katikati uangalie chini. Hakuna tanbihi za tofauti za maneno? Hiyo ni ya kusomea tu. Alama ikitokea kwenye tanbihi na dibaji haiijui, ujue kazi imelipuliwa.

Mwaka wa jalada usikuhadae, maana chapa mpya nyingi ni picha ya chapa kongwe. Fausbøll alitoa yake Copenhagen 1855, Pali Text Society, chama cha kuchapisha vitabu vya Kipali, wakatoa yao 1914, kisha nyingine 1994 ya von Hinüber na Norman.

Mizani_Nane
Hesabu na mizani, yakhe. Beti nyingi mle zina vipande vinne vya mizani nane, kama vipande vya shairi letu. Ubeti wa 1: *ma-no-pub-baṅ-ga-mā dham-mā*, nane barabara. Kipande kikipwaya na tanbihi iko kimya, shuku kosa la chapa. Ila zipo beti za bahari nyingine, za mizani kumi na moja.

Mizani nayo ina mwisho wake. Mwishoni mwa kipande cha pili Kipali husema *manomayā* (iliyoumbwa na akili). Udānavarga ya Kisanskriti, mkusanyo wa beti unaofanana nayo, na Dhammapada ya Kigandhari, lugha nyingine ya kale, zina *manojava* (yenye kasi ya akili). Yote mawili yanakaa sawa kwenye mizani, kwa hiyo haiamui kitu. Mhariri anayeingiza la pili kwenye Kipali kimyakimya anachanganya mapokezi mawili.

Mkutubi_Tudor
Shukran. Moja imeandikwa ni ya Baraza la Sita. Hiyo je?

Kibokoni
Lile baraza la watawa wa Kibuddha la Yangon, Burma, 1954 hadi 1956. Matini yake ni safi, pengine safi kupita kiasi. Tanbihi ni chache, tena hutaja mapokezi ya nchi (*sī.* ni Sri Lanka, *syā.* Thailand), si hati mojamoja. Nzuri ya kulinganishia. Ikiwa ya 1994 imo, weka hiyo. Chapa ya 1995 ni bora zaidi, ina masahihisho.