Donkey Kong: binamu ananipita, pointi anazitoa wapi?

MtotoWaMakorora
Wakuu, shikamooni. Mimi na binamu yangu tunacheza Donkey Kong ile ya 1981, ya sokwe anayerusha mapipa, kwenye kompyuta yangu, alama tunaziandika kwa chaki nyuma ya mlango. Mimi nina 142,300. Yeye Jumapili kafikisha 187,600, na wote tumefia hatua ileile! Anazitoa wapi? Na hili gemu lina mwisho kweli?

FundiRedio
Marahaba. Mwisho upo, skrini ya 117, mwanzo wa hatua ya 22 (hatua moja ina skrini kadhaa). Muda wa skrini hupatikana kwa kuchukua namba ya hatua, kuongeza 4, kisha kuzidisha kwa 10. Hatua ya 22 inaleta 260, na pale kwenye kumbukumbu ya mashine haiingii namba inayozidi 255, kwa hiyo hesabu inarudi sifuri na inabaki 4. Muda unaisha, na Jumpman, yule unayemchezesha, anakufa hata juu hajafika.

Ndiyo maana kwa mabingwa kufika mwisho si hoja. Skrini ni zilezile kwa wote, hoja ni umekamua kiasi gani njiani. Wafuatilie Wamarekani wawili, Wes Copeland na Robbie Lakeman, walivyonyang'anyana rekodi. Mei 2016 Copeland alipiga 1,218,000, tukasema hapo basi. Lakeman hakukubali: 2018 akaweka 1,247,700, na 2021 akafika 1,272,800. Mimi nilikuwa upande wa Copeland, na mpaka leo naona alimlazimisha mwenzake acheze kuliko alivyodhani anaweza.

Sasa binamu yako. Nahisi hakimbilii juu. Kuanzia hatua ya 5, nusu ya skrini ni za mapipa, na shamba liko hapo. Kuruka pipa moja ni 100, mawili kwa mpigo 300. Kulivunja kwa nyundo kunaanzia 300, na la bluu linaweza kukupa 800. Bonasi ya muda nayo inashuka 100, 100. Kama unavuna haraka kuliko inavyoshuka, baki. Ikianza kukuzidi, panda. Kumbuka tu ukishika nyundo ngazi hupandi, kwa hiyo iokote mapipa yakiwa yanakuja, si yameshapita.

Dada_Springi
Naongezea: skrini ya lifti usikae. Okota vitu vya Pauline, yule dada tunayemwokoa, kuanzia hatua ya 3 kila kimoja ni 800, halafu ondoka. Zile springi zimenimalizia roho nyingi sana.

MtotoWaMakorora
Nimerudi. Jana usiku nilibaki chini na nyundo, la bluu likanipa 800, mikono inatetemeka. Nimefia 171,500. Asubuhi binamu kaja, kasoma mlango, hajasema kitu. Kavuta kiti tu, kaniambia niwashe.