Wahudumu wamepoa baada ya Pasaka: tuwatie moyo kwa njia gani?

Katibu wa Huduma
Bwana asifiwe, wapendwa. Kwaresma nzima hadi mkesha wa Pasaka wahudumu wetu walijitoa kweli. Sasa mazoezi ya kwaya yanahudhuriwa na wachache, zamu za mapokezi zina mapengo, na walimu wawili wa shule ya Jumapili wameomba "kupumzika kidogo" bila kusema mpaka lini. Kuna pendekezo la semina ya siku nzima Jumamosi ijayo. Inafaa? Na somo liwe lipi?

Mzee wa Kanisa
Semina ya siku nzima kwa mtu aliyechoka ni zamu nyingine tu. Isogezeni mbele majuma mawili, ifupisheni iwe dakika 90 baada ya ibada, na chakula kitangulie. Someni Yohana 21: wanafunzi wamekesha ziwani bila kupata kitu, na Bwana aliyefufuka ameshawasha moto wa makaa, samaki juu yake na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Petro anaulizwa habari ya upendo na kukabidhiwa kondoo baada ya kula. Fuateni mpangilio huohuo.

Shukrani zitaje kazi yenyewe. "Asanteni nyote" haimgusi mtu. Mwambieni aliyebaki kupanga viti na kufagia baada ya mkesha kwamba kazi yake ilionekana. Wanaosahaulika mara nyingi ni wasafishaji, mafundi mitambo na walinzi wa mlango, kwa hiyo andikeni orodha mapema. Tathmini msiiweke siku hiyo hata kidogo. Mtu akisikia "asante, lakini...", anaondoka na ile "lakini". Viongozi wa idara wakutane juma linalofuata.

Mwalimu wa Kwaya
Kwa kwaya, tatizo mara nyingi ni kukosa shabaha. Kabla ya Pasaka kila zoezi lilikuwa na tarehe mbele yake, na baada yake yanakuwa mazoezi yasiyo na mwisho. Pentekoste ni siku ya 50, basi itumieni: nyimbo mbili tu, mmoja wanaoujua na mmoja mpya. Juma la kwanza futeni mazoezi kabisa, sauti zipone. Mkirudi, anzeni kwa ufunguo wa chini na msizidi dakika 75, tena muanze kwa saa iliyotangazwa hata kama wamefika watano. Mkiwasubiri wachelewaji, mnawaadhibu waliowahi.

Asiyeonekana apigiwe simu na mwenzake wa sauti ileile, aulizwe hali yake. Habari ya zamu isitajwe katika simu hiyo.

Shemasi
Naafikiana nanyi, ila kanisa dogo haliwezi kupumzisha wote kwa pamoja. Pumzisheni nusu, kisha mbadilishane. Hao walimu wawili wapeni ruhusa yenye tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Ruhusa isiyo na tarehe hugeuka kuwa kuacha huduma kimyakimya, na baadaye mtu huona aibu kurudi. Kwa muda huo unganisheni madarasa ya umri unaokaribiana.

Pia chukueni karatasi, mchore safu moja kwa kila huduma, mjaze majina. Jina likitokea katika safu tatu, mwulizeni mwenyewe abaki na ipi, mwondoeni katika nyingine. Kosa letu kubwa makanisani ni kumwongezea mzigo yule asiyekataa. Nafasi zinazobaki wazi wekeni watu wawili wawili, mzoefu na anayejifunza, jinsi Bwana alivyowatuma wale wa Luka 10.

Katibu wa Huduma
Nimewaelewa, asanteni sana. Na somo? Nilifikiria 1 Wakorintho 15:58.

Mzee wa Kanisa
Ni zuri, ila msilisome peke yake. Ndiyo aya ya mwisho ya sura nzima inayotetea ufufuo. Paulo anasema "taabu yenu siyo bure katika Bwana" baada ya kuonyesha kwamba Kristo amefufuka kweli. Bila hoja hiyo, mhudumu anasikia tu amri ya kuongeza bidii. Gawaneni aya 1–11, 20–26 na 50–58, wasomaji watatu, mahubiri dakika 15. Dakika zinazobaki, kila idara ikae pamoja, waombeane kwa majina.