Epoksi na unga wa alumina, mbona joto halipiti?

fundi_katwe: Wazee naomba msaada, nafunga taa za sola hapa Katwe, nimechanganya epoksi (gundi ya plastiki) na unga wa alumina (oksidi ya alumini) 30% kwa mizani, nikapiga wastani wa upitishaji joto wa hivyo viwili nikapata kama 9 W/mK (kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha joto) lakini LED bado zinapata moto vibaya, nimekosea wapi?

mwl_mbale: Ssebo, wastani haufai hapa. Epoksi ni kama 0.2 tu na ndiyo inazunguka kila punje, joto lazima lipite humo. Tena 30% ya uzito ni kama 11% tu ya ujazo! Fomula ya Maxwell, ya kukadiria upitishaji joto wa mchanganyiko wenye punje, inakupa karibu 0.27.

fundi_katwe: Eh kumbe! Na 30% ya ujazo?

mwl_mbale: Kama 0.45. Ukizidisha sana punje zinagusana, hapo Maxwell inakadiria chini, tumia fomula ya Lewis-Nielsen. Na utoe mapovu ya hewa tafadhali, yanazuia joto sana.