Naomba ushauri: vitabu vya marejeo kuhusu historia ya ugaidi

Wakuu, natafuta vitabu vitatu au vinne tu vya marejeo kuhusu ugaidi: ulikotoka, na hasa ni kitu gani. Cha kwanza nilichokichagua ni Inside Terrorism cha Bruce Hoffman, toleo la 2017. Lile la 1998 liliandikwa kabla ya Septemba 11. Kwa historia, nadharia ya mawimbi manne ya ugaidi ya mwanasayansi wa siasa David Rapoport (waanarkisti, yaani wapinga serikali ya aina yoyote, kuanzia miaka ya 1880, wapinga ukoloni, mrengo mpya wa kushoto, kisha dini kuanzia 1979) inasaidia kupanga mambo, ingawa kwangu inabana: Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani lililoanza kabla ya 1880, utaliweka wapi?

Kinachosumbua ni fasili ya neno ugaidi. Mwaka 1984 mtafiti Alex Schmid alikusanya zaidi ya 100, na kila mhariri huchagua yake, ndiyo maana hesabu za matukio hazilingani. Hata kanzidata ya matukio ya ugaidi ya Chuo Kikuu cha Maryland, inayoanzia 1970, ina pengo la 1993. Ukichora grafu bila kujua, utadhani mwaka ule ulikuwa shwari!

Je, kuna ensaiklopidia inayotaja fasili yake mwanzoni na kugusa ugaidi wa dola pia? Na ni bora juzuu moja inayohaririwa upya mara kwa mara, au seti kubwa?