Tupeane uzoefu: Maisha ya vijiji vya nje ya mji wa Kigoma, mtu anatoboa?

Mtoto wa Mwandiga
Wakuu habari za saa hizi. Napata sana meseji za vijana wa Dar na Mwanza, wengine wazazi wao ni wa huku huku, wanauliza kaka Kigoma kuna maisha kweli au ni mwisho wa reli tu? Stori za mjini zipo nyingi, Mwanga, Gungu, Ujiji kila mtu anapajua. Mimi nawataka mnaoishi nje, Mwandiga, Kidahwe, Simbo, Katonga, mpaka vile vijiji vya Ziwa Tanganyika kaskazini ambako bila boti hufiki. Pesa yako inatoka wapi, na mtoto akimaliza form four anaenda wapi?

Naanza mimi. Nimezaliwa Mwandiga, pale njia panda inapogawanyika ya Kasulu na ya Manyovu, nikaenda Dar kutafuta, nikarudi. Kilichonirudisha ni lami na umeme, nasema wazi. Huu mkoa ulikuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imekuja kufika 2022, na reli ilifika hapa tangu 1914, sasa pigeni hesabu wenyewe tumesubiri kiasi gani. Leo nachomelea mageti na mageti yanatoka maana watu wanajenga kila kona. Chakula sio tatizo, muhogo upo, maharage yapo, chumba cha kupanga ni bei ambayo mtu wa Dar hawezi kuamini. Tatizo ni kwamba hela ya huku inakuja kwa misimu. Mkulima akivuna ananiletea oda, mvuvi akikosa ananikopa, kwa hiyo na mimi fundi ambaye sijawahi kushika nyavu maisha yangu yanafuata ziwa na mashamba. Hapo ndipo wageni wengi wanaposhindwa, wanakuja na hesabu za mshahara wa mwisho wa mwezi.

Chanja ya Katonga
Asante mwanangu kwa kuuliza. Mimi ni mama wa dagaa hapa Katonga, nimesomesha watoto kwa dagaa na sitaki mtu aniambie kijijini hakuna hela.

Biashara yenyewe iko hivi. Vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, vinaingia ziwani usiku na taa, zamani zilikuwa karabai siku hizi ni za sola, alfajiri vinarudi mwaloni na sisi tunapokea kwa beseni. Bei inapangwa pale pale mchangani kutokana na walichopata, vikirudi vyepesi beseni inapanda mpaka unaangalia tu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawatoki maana dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kukaa bure na ukishazoea unazipangia. Dagaa wa chanja, anayeanikwa juu ya kichanja, anauzika vizuri kuliko wa kuanikwa mchangani, mteja wa Dar akitafuna akakuta mchanga harudi tena, na wanunuzi wa kwenda Kongo nao siku hizi wanachagua. Ukianika na mvua ikakukuta saa nane mchana wakiwa nusu wamekauka, ule mzigo umeisha, unageuka chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Sasa lile la 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, sio Tanzania tu, ni makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia, samaki wazaliane. Sikupinga na sipingi, maana sisi tunaoanika tunajua dagaa walivyokuwa wanazidi kuwa wadogo kila mwaka. Lakini miezi mitatu bila beseni hata moja jamani! Waliokuwa na shamba la muhogo au mawese ndani walivuka, waliokuwa wanategemea mwalo peke yake waliuza mpaka vitanda. Mimi kilichonivusha ni kikoba chetu cha akina mama, tuligawana mapema mwezi wa tano badala ya kusubiri Desemba.

Tenera Simbo
Shikamoo mama Chanja, umesema kitu cha maana sana hapo kwenye mawese ndani.

Mimi ni kijana wa shamba, upande wa Simbo. Babu zetu walikuwa na michikichi ya kienyeji imeota yenyewe huko mabondeni, ganda nene nyama kidogo, unachemsha pipa zima unapata mafuta ya kukatisha tamaa. Tangu serikali ilivyoanza kulisukuma hili zao 2018 na kituo cha utafiti cha Kihinga kikawa kinazalisha mbegu ya Tenera, aina ya mchikichi wa kisasa, mambo yamebadilika kwa waliokuwa na subira. Tenera ganda lake ni jembamba, nyama nyingi. Unapanda mita 9 kwa 9, ekari moja inakula kama miche 50, na katikati miaka ya mwanzo unapiga maharage au mahindi, maana mche unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu na mavuno ya kueleweka ni baadaye zaidi.

Halafu wakuu hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nimeona majirani wanalia: usiokote chikichi chini ya mti wa Tenera ukaotesha ukidhani umepata mbegu ya bure!! Tenera ni chotara, watoto wake wanachanganyika, mwingine anarudi kuwa ganda nene, mwingine hana faida kabisa, na utakuja kugundua ukiwa umeshalea shamba miaka yote hiyo. Chukua miche kwenye chanzo kinachojulikana. Na mise usitupe, ile kokwa ya ndani nayo ina mafuta na ina wanunuzi wake.

Niko Mbagala
Nawasoma wote kwa makini. Baba yangu ni wa Kidahwe, kuna eneo la familia. Nikija na mtaji mdogo niweke kwenye dagaa au mawese?

Mwalimu wa Ziwani
Kabla hujajibiwa ya mtaji, ndugu, acha niseme ya watoto, maana mleta mada aliuliza na bado hayajaguswa.

Nafundisha kijiji cha ziwani, kaskazini ya hifadhi ya Gombe, usafiri ni boti za mbao za kutoka Kibirizi, mnakaa na magunia, mbuzi na bati za mtu anayejenga. Mgonjwa akizidiwa usiku kwenda hospitali ya Maweni mjini ni kutafuta mwenye injini na mafuta, upepo ukiwa mkali mnasubiri, nimeshuhudia mama mjamzito anasubiri ziwa litulie na sitaki kukumbuka. Wavulana wa form two wanaingia na vipe usiku, asubuhi wanasinzia darasani na mfukoni wana hela kuliko mimi mwalimu wao, sasa utamwambia nini kuhusu kusoma? Ziwa lilipofungwa darasa lilijaa. Lilipofunguliwa madawati ya nyuma yakabaki wazi tena. Mimi naona kufunga ziwa peke yake haitoshi kwa vijiji hivi, tunahitaji bweni na boti ya wagonjwa, na ninaandika barua kila nafasi inapotokea.

Mtoto wa Mwandiga
Mwalimu pole sana, na usiache kuandika.

Niko Mbagala, kwa kuwa eneo lipo, panda michikichi kwanza, hata robo ekari, halafu fanya kazi ya mikono wakati inakua. Ila kabla ya kupanda nenda na wazee wa ukoo kwa mwenyekiti wa kitongoji mpime mipaka na muandikishane, ardhi ya kando ya lami imepanda bei na kesi za ndugu kwa ndugu zimekuwa nyingi.

Chanja ya Katonga
Na mwanangu wa Mbagala, ukitaka dagaa usije na hela yote ukanunua mzigo. Njoo ukae mwaloni kwanza, ubebe beseni za watu, uanike na sisi, ujue dagaa mzuri kwa kumshika. Fika mwezi ukiwa unaanza giza, sio wakati wa mbalamwezi, utatukuta tumelala.