Mjadala: .co.tz isitolewe bila cheti cha BRELA?

Habari za baridi wakuu. Naleta hoja, nikosoeni.

Nazungumzia domeni, yaani jina la tovuti. Ukitaka jina la .go.tz utaulizwa wewe ni ofisi gani ya serikali. Ukitaka .ac.tz utaulizwa chuo kiko wapi. Lakini .co.tz, ambayo ndiyo ya biashara, ni ya anayewahi. Unaingia kwa msajili, kampuni inayouza majina hayo, unaandika jina, likiwa halina mtu unalipia, basi. Hakuna anayekuuliza jina hilo kule BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, limeandikwa kwa nani. Mimi nasema aulizwe. Laini ya simu tu wananidai namba ya NIDA na kidole!

Nanunua mpunga Ubaruku, nakoboa hukohuko, nafungasha Mbeya mjini, na cheti cha BRELA ninacho. Mwaka juzi nilimpa kijana kazi ya tovuti, akasajili domeni kwa jina lake na imeili yake. Sikujua, tovuti ilifunguka, nikaona jina langu kubwa pale juu, nikaridhika. Nikachapisha mifuko 1,000 ya kilo 25, anuani ya tovuti chini ya nembo, wino wa kijani. Baadaye tukakosana. Ada ya mwaka ikaisha, taarifa zikaenda kwenye imeili yake, akanyamaza. Jina likaachiwa, likadakwa na mtu nisiyemjua. Sasa ukifungua unakutana na kamari. Mteja wangu wa Tunduma alinipigia anacheka: "Mzee, siku hizi unauza mikeka?"

Mifuko kama 600 bado iko stoo. Vijana wanafuta anuani kwa makapeni, mmoja mmoja.

Fundi wa tovuti, Mwanjelwa:
Shikamoo mzee, na pole sana. Ila cheti ulikuwa nacho na bado ulilizwa. Kijana angekipeleka hicho hicho cheti, halafu imeili akaweka yake. Sharti lako lingezuia nini? Litawaumiza wateja wangu: akina mama wa parachichi Njombe, wauza kahawa Mbozi, wengi wana TIN tu, namba ya mlipakodi. Ukiwadai cheti watakwenda .com, ambako hakuna anayedai chochote, na hela itaishia Marekani.

Mfanyabiashara, Mafinga:
Fundi usitutishe na .com. Australia huwezi kupata .com.au bila kuonyesha namba ya biashara au alama ya biashara iliyosajiliwa kwao, na wanaitumia nchi nzima.

Fundi wa tovuti, Mwanjelwa:
Namba hiyo kwao inaombwa mtandaoni, bure. Lete ya bure hapa tuongee.

Mwanasheria, Iringa:
Kamwene. Mnagombania karatasi isiyo na nguvu mnayoidhania. Cheti cha jina la biashara, chini ya Sura ya 213 ya sheria zetu, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Hakikupi umiliki wa jina. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine ni alama ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986: miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Na hiyo ni Bara tu, Zanzibar wana usajili wao. Domeni nayo ni upangaji. Kodi ikiisha usipolipa, nyumba anapewa mwingine, hata kama uliijengea uzio.

Mzee anaweza kulalamika, njia ipo. Kwenye .com utaratibu upo tangu 1999: uthibitishe jina linafanana na alama yako, aliyelishika hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Yote matatu kwa pamoja. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, wanapokea na mashauri ya .tz. Lakini kwa .com ada ya mwamuzi mmoja pale ni dola 1,500, wakili hujamlipa. Mzee, nembo yako uliisajili kama alama?

Mwanzisha mjadala:
Sikuisajili. Nilidhani cheti kinatosha.

Dola 1,500 kwa kugombea jina? Bora nichapishe mifuko mipya.

Basi napunguza hoja. Cheti kisidaiwe wakati wa kusajili, fundi yuko sahihi, kingeniacha palepale. Ila msajili alazimishwe kuandika jina la mwenye biashara kama mmiliki, fundi abaki msimamizi, na onyo la ada kuisha lije kwenye simu ya mwenye biashara, siyo imeili ya mtu aliyemtengenezea. Mimi imeili nafungua mara mbili kwa mwezi. SMS naisoma nikiwa juu ya lori.

Fundi wa tovuti, Mwanjelwa:
Hapo nakuunga mkono nusu, mzee wangu. Ile fomu anaijaza nani? Mimi. Jana tu nimemuuliza mteja wa Tukuyu namba ya kuweka, akanijibu: "Weka yako tu kaka, mimi niko shamba huku hakuna mtandao."

Mfanyabiashara, Mafinga:
Ukaweka ya nani?

Fundi wa tovuti, Mwanjelwa:
Yangu.