Harvey Haddix aliporwa mwaka 1991, msiniambie "sheria ni sheria"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kila ukizuka mjadala wa mechi kamilifu za besiboli (mrushaji anamtoa kila mpigaji, hakuna hata mmoja anayefika besi), mtu anabandika ile orodha rasmi kama msahafu, na jina la Harvey Haddix halimo. Ukiuliza, unajibiwa kwa mkato: "si alifungwa?"

Alifungwa, ndiyo. Tuone alivyofungwa.

Tarehe 26 Mei 1959, County Stadium, Milwaukee. Haddix, mrushaji wa Pittsburgh Pirates, anapanda kilima cha kurushia mpira akiwa na mafua. Mbele yake ni Milwaukee Braves, yenye Hank Aaron, Eddie Mathews na Joe Adcock. Wapigaji 36 walikuja, 36 wakatolewa! Hakuna aliyeiona besi ya kwanza, si kwa kupiga, si kwa kupewa besi bure baada ya mipira minne mibaya, si kwa kosa la mlinzi. Mechi kamilifu ya kawaida ni wapigaji 27 katika inningi 9 (inningi ni zamu ya kupiga, huisha wapigaji watatu wakitolewa). Huyu alifikisha 12, na hadi leo hakuna mrushaji mwingine wa ligi kuu aliyetoa 36 mfululizo ndani ya mechi moja.

Na wenzake? Walimpiga Lew Burdette, mrushaji wa Braves, hiti 12 (mipigo ya kufikia besi) katika inningi 13, wakashindwa kupata hata pointi moja. Moja tu ingetosha. Roberto Clemente, nyota wao, hata hakucheza siku hiyo.

Inningi ya 13, Felix Mantilla wa Braves anapiga mpira wa chini kuelekea besi ya tatu. Don Hoak, mlinzi wa Pirates, anauokota vizuri, halafu anaurusha chini kabisa, mwenzake wa besi ya kwanza anashindwa kuudaka. Ukamilifu umekwisha, na si kwa mkono wa Haddix. Mathews anajitoa kafara kwa banti (anaugusa mpira kidogo tu ili mwenzake asogee), Mantilla anasogea besi ya pili. Aaron anapewa besi ya kwanza kwa makusudi. Adcock anaupeleka mpira nje ya ukuta, yaani homrani. Aaron, akidhani haukuvuka na kwamba mechi imeisha Mantilla akifika nyumbani, anakanyaga besi ya pili na kukata kona kwenda kwenye benchi lao. Adcock anampita njiani, anahesabiwa ametoka, homrani inageuzwa kuwa hiti ya besi mbili. Matokeo: 1-0.

Sasa soma takwimu za aliyepoteza: inningi 12 na theluthi mbili, hiti 1, pointi 1 ambayo hata haihesabiki juu yake maana ilizaliwa na kosa, wapigaji 8 waliotolewa kwa straiki, besi ya bure 1 nayo ya makusudi. Aliyepigwa hiti 12 ndiye aliyeandikiwa ushindi.

Halafu miaka mingi baadaye Bob Buhl, mrushaji wa Braves, akasema wazi kwamba wenzake waliokaa nyuma ya uwanja walikuwa wakichungulia kwa darubini ishara za mdakaji wa Pirates, Smoky Burgess, na kuwatonya wapigaji. Walikuwa wanajua mpira gani unakuja na bado wakatoka 36 mfululizo!

Mwaka 1991 kamati ya usahihi wa takwimu, chini ya kamishna wa ligi kuu ya besiboli Fay Vincent, ikaamua mechi ya kutopigwa hiti lazima iwe na inningi 9 au zaidi na imalizike bila hiti. Mechi kama 50 zikafutwa. Zile za inningi 5 zilizokatizwa na mvua, futeni, naelewa. Lakini aliyefanya kazi yote ya inningi 9 kwa ukamilifu, akaongeza 3 juu yake, unamfutaje pamoja nao? Na alikuwa hai bado, alifariki Januari 1994.

Ninachodai ni orodha ya pili, rasmi, ya waliofikisha inningi 9 bila dosari wakaharibikiwa baadaye. Mrushaji Pedro Martínez naye ataingia humo kwa mechi yake ya 1995, aliyoifikisha inningi ya 10. Anayepinga aje, ila aanze kwa kunieleza zile inningi 9 za kwanza za Haddix zilikosa nini.